Sunburst, WITCH na kaburi linaloitwa Zilipendwa

Muziki wa soul ulipigwa marufuku hapa kwetu kabla haujapata mtoto. Novemba 1969 uongozi wa mkoa wa Pwani, ambao ndani yake ilikuwamo Dar es Salaam, ulikataza soul kwenye kumbi za dansi. Ni mwaka uleule wa Operesheni Vijana, pale Umoja wa Vijana wa TANU ulipowaandama wavaa sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Hoja ilikuwa kwamba James Brown na wenzake wanaharibu vijana na utamaduni. Rumba, nayo iliyotoka nje kwa njia ya Kongo, ikaendelea kupigwa bila shida. Sijawahi kuelewa mantiki hiyo, lakini ndiyo iliyopanga kwa muda mrefu nini kiitwe muziki wetu na nini kiitwe uhuni.

Mwaka uliofuata, 1970, ikazaliwa Dar es Salaam bendi ya Sunburst. Mwimbaji alikuwa James Mpungo, gitaa alishika Hembi Flory Kongo. Mwaka 1976, wakiwa Zambia, walitoa santuri yao kubwa, Ave Africa. Kisha kimya. Miaka arobaini baadaye, 2016, kampuni ya Strut ya London ikaitoa upya pamoja na rekodi zao nyingine za kuanzia 1973. Kwa hiyo mtu wa Mbeya anayetaka kuijua bendi ya Dar es Salaam anapitia London. Hilo nalo tumelizoea.

Nimeisikiliza kazi hiyo mara nyingi na nitasema ninavyoisikia. Si kazi isiyo na doa. Zipo nyimbo za Kiingereza ambamo bendi inafanya kazi ya mwanafunzi mzuri: kila kitu kiko mahali pake, ila humsikii mtu. Wakihamia Kiswahili mambo yanabadilika. Kwenye "Enzi za Utumwani" funk haivaliwi kama nguo ya mtumba. Besi inakaa chini, nzito, na sauti inabeba historia inayomhusu mwimbaji mwenyewe. Wale waliopiga marufuku soul walidhani chombo cha kigeni lazima kiseme maneno ya kigeni. Wimbo huu unawajibu vizuri kuliko makala yoyote, hii ikiwamo.

Sasa kwa nini naandika haya kutoka Nyanda za Juu Kusini? Kwa sababu kati ya Dar es Salaam na Lusaka tupo sisi. Barabara ya Zambia inapita Ipogolo, chini ya mlima ulikokaa mji wa Iringa, inaendelea Mbeya hadi Tunduma. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka huohuo wa 1976 na ina stesheni kubwa Mbeya. Nguo, mafuta, mahindi, lugha, vyote vimepita hapa. Muziki nao ulipita, ila hatukuushusha mzigo.

Tazama wenzetu wa ng'ambo ya Tunduma. WITCH, bendi kubwa ya zamrock, ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1972, na baadaye wanamuziki wake wengi wakafariki. Emmanuel Chanda, yule Jagari, akaishia kuchimba vito. Alipotafutwa na wapenzi wa muziki kutoka Ulaya, angeweza kuzunguka na nyimbo za zamani, watu wapige makofi, basi. Badala yake, yeye na mpiga kinanda Patrick Mwondela waliunda upya kikosi pamoja na vijana, na mwaka 2023 wakatoa albamu mpya, Zango. Unaweza usiipende yote. Mimi mwenyewe naona kuna pahala Wazungu waliomo kikosini wanaheshimu mno sauti ya zamani, kama mtu anayeogopa kukalia kochi la sebuleni. Lakini ni kazi mpya.

Sisi tuna neno letu: zilipendwa. Lisikilize vizuri, limekwisha kabla hujalimaliza. Ukienda Mbeya kwenye hoteli yenye bendi wikiendi, au Iringa kwenye harusi yenye hela, utawakuta vijana hodari kweli. Wanapiga kopi ya Marijani au ya Mbaraka nukta kwa nukta, hata pale gitaa lilipoteleza kwenye rekodi ya zamani nao wanateleza. Mwenye ukumbi anataka hivyo, na mteja naye anataka. Siwalaumu, kodi ya nyumba hailipwi kwa majaribio. Ila tusiite hiyo kuendeleza urithi. Huko ni kulinda makumbusho.

Iringa inajua bei ya jambo hili. Miaka ya 80 ilikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kampuni ya kuchonga almasi, iliyokuwa na pacha wale, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Ilikuwa bendi ya rumba, si ya soul, lakini somo ni lilelile: vyombo ni vya mwajiri, na mwanamuziki akiondoka anaondoka na koo lake tu. Bendi ya namna hiyo haiachi mrithi, inaacha kaseti.

Aliyetoka humo akabeba kitu ni John Kitime. Alipita Tancut, akapiga na Kilimanjaro Band, Wana Njenje, na akaanza kuandika mtandaoni historia za wanamuziki ambazo hakuna ofisi iliyojali kuziandika. Njenje wenyewe walitokana na The Revolutions, vijana waliojifunzia kazi kwenye muziki wa Kizungu na wa Wamarekani weusi. Hawakubaki hapo. Nidhamu ile ya besi na dramu waliipeleka kwenye mdundo wa nyumbani, watu wakacheza bila kuuliza umetoka wapi. Kwangu hao ndio warithi halisi wa kizazi cha Sunburst, ingawa hawafanani nao hata kidogo.

Kwa hiyo ombi langu kwa bendi za Mbeya na Iringa ni dogo. Chukueni wimbo mmoja wa Sunburst, mmoja tu. Msiupige kama ulivyo. Wekeni chini yake ngoma ya Kinyakyusa au ya Kihehe, badilisheni mwendo, ongezeni beti zenu, mpige saa nne usiku watu wakiwa bado na akili. Wengine watanuna na kudai Marijani. Wapigieni Marijani baadaye. Lakini huo mmoja uwe wenu.