Shimo Huchezwa Kuanzia Bendera

Zamani mchezaji wa gofu aliyefika mahali pa kuanzia hakuwa na haraka ya kuchomoa fimbo. Alisimama akaitazama bendera kule mbali, akamgeukia kedi wake, yule mbeba mfuko, wakasemezana maneno machache kwa sauti ya chini. Maneno hayo yalikuwa nusu ya mchezo. Siku hizi fimbo ndefu kuliko zote hutoka mfukoni kabla mtu hajajua upepo unatoka wapi, na sifa zote hupewa aliyepiga mbali, hata kama mpira wake umelala nyuma ya mti. Uwanja wa Dar es Salaam Gymkhana, hapa Ilala, kati ya majengo ya mjini na Bahari ya Hindi, ni mahali pazuri pa kulitafakari jambo hili, kwa kuwa ujirani wake na bahari humnyima mchezaji anasa ya kupiga bila kufikiri. Ninachokitetea ni ufundi wa kulipanga shimo: kuamua, kabla ya kupiga, mpira uachwe wapi na kosa lipi linavumilika. Nauona ufundi huo kuwa bora kuliko nguvu, na tunauacha upotee kwa uzembe tu.

Anayelijua shimo hulianza mwisho. Kwanza huuliza bendera imechomekwa wapi leo, maana tundu lenyewe, lenye kipenyo cha milimita 108 tu, huhamishwa mara kwa mara juu ya grini, ule uwanja mdogo wa nyasi fupi linamokaa. Likiwa kulia, nyuma ya banka la mchanga, mlango wa kuliendea uko kushoto. Basi mkwaju wa pili utoke kushoto mwa njia, na wa kwanza uangukie huko huko kushoto, hata ikiwa upande huo una miti na upande wa kulia umekaa wazi kama unamwita mtu. Kwa hesabu hii ya kurudi nyuma, mkwaju unaopigwa kwanza ndio unaoamuliwa mwisho. Wasanifu wakubwa wa viwanja walijenga juu ya fikra hiyo. Old Course ya St Andrews kule Uskoti, ambayo mwaka 1764 ilipunguzwa kutoka mashimo 22 hadi 18 na kuipa dunia idadi tuliyo nayo, ina njia pana hata mgeni akadhani anaweza kupiga popote. Anaweza kweli, ila akifika kwenye mkwaju wa pili ndipo anapogundua kwamba amesimama upande mbaya, na hakuna wa kumlaumu. Alister MacKenzie, aliyeuchunguza uwanja huo kwa miaka, aliipeleka fikra hiyo Augusta, Marekani, alikoshirikiana na Bobby Jones mwanzoni mwa miaka ya 1930. Nafasi ya kupiga ni tele, nafasi ya kupiga vizuri ni finyu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na ndiyo maana inasikitisha kuiona ikipuuzwa. Chukua shimo la mikwaju minne lenye mita 370, na mchezaji wa kawaida mwenye hendikapu ya 18. Hendikapu hiyo inampa mkwaju mmoja wa nyongeza kwa kila shimo, kwa hiyo akimaliza kwa mitano amelipa deni lake lote. Lakini yeye hucheza kana kwamba anadaiwa kumaliza kwa minne. Anatoa fimbo ndefu, na akibahatika anapata mita 190. Zinabaki 180 kuelekea grini iliyozungushiwa mchanga, umbali ambao hata mabingwa huuheshimu. Anapiga tena kwa nguvu zake zote, anaingia kwenye banka, anatoka kwa mikwaju miwili, anaputi, yaani anausukuma mpira taratibu kuelekea tundu, mara mbili, na kadi inasoma sita au saba. Sasa gawa mita 370 mara tatu: kila mkwaju ni kama mita 123, umbali ambao wengi wenye hendikapu hiyo huufikia kwa fimbo ya chuma ya katikati bila kutoa jasho. Mikwaju mitatu ya namna hiyo, kisha miwili ya kuputi, jumla mitano. Hakuna mtazamaji atakayepiga makofi, lakini mwisho wa siku kadi hiyo itaongoza. Cha ajabu ni kwamba mtu anayeikubali hesabu hii akiwa mezani huikana akishika fimbo.

Wala wanaoikana si wanafunzi peke yao. Mwaka 1999, katika mashindano ya Open kule Carnoustie, Uskoti, Jean van de Velde wa Ufaransa alifika shimo la 18, la mwisho kabisa, akiwa mbele kwa mikwaju mitatu. Mikwaju sita ilimtosha kuwa bingwa. Alitoa fimbo ndefu, mpira ukaenda kulia sana lakini ukaponea maji. Hapo alikuwa bado ameshika kombe. Mkwaju mfupi wa kuurudisha mpira njiani, mwingine wa kuruka kijito, basi. Akachagua fimbo ya chuma namba 2 ili aifikie grini moja kwa moja. Mpira uligonga jukwaa la watazamaji ukarudi kwenye nyasi nene, mkwaju uliofuata ukazama kijitoni, na picha ya Mfaransa yule akiwa amekunja suruali ndani ya maji imebaki kuwa maarufu kuliko ushindi wa Paul Lawrie aliyemshinda katika mchujo. Van de Velde alimaliza shimo lile kwa saba. Wapo wanaomsifu kwa ujasiri, na sikatai kwamba alikuwa jasiri. Ila mikwaju yake ya siku ile haikuwa mibaya kiasi hicho. Kibaya kilikuwa uamuzi uliotangulia mkwaju wa pili, na uamuzi ndio ufundi ninaouzungumzia.

Hapa kwetu ufundi huo una sura yake. Ukanda wa pwani una viwanja viwili katika kimoja: cha kusi na cha kaskazi. Kuanzia kama mwezi wa Aprili hadi Septemba upepo unatoka kusini na kusini mashariki, ule ule unaowahesabisha siku wavuvi wa Feri. Kuanzia Novemba hadi Machi unageuka na kutoka kaskazini mashariki. Shimo linaloelekea kusini, ambalo Januari humalizwa kwa fimbo ndogo, mwezi wa Julai hudai fimbo mbili zaidi, na banka ambalo wakati wa kaskazi lilikuwa pambo tu linakuwa ndilo suala zima. Juu ya hayo huja masika, ardhi inalowa na mpira unakaa ulipoanguka. Kiangazi ardhi ile ile inakuwa ngumu na mpira unabingirika hadi usikokusudiwa. Kadi ya uwanja inaandika namba moja ya mita kwa mwaka mzima. Kedi mzoefu ana namba nyingi kichwani kwa shimo hilo hilo, na anajua ipi inatumika asubuhi kabla upepo wa bahari haujaamka na ipi inatumika alasiri.

Kisha kuna nyasi. Kwenye grini za nchi za joto nyasi hulalia upande mmoja, na mpira unaokwenda zinakolalia hukimbia, unaokwenda kinyume hukwama. Mtu akitazama grini kutoka upande mmoja akaiona inang'aa, nyasi zinalalia mbele yake. Akiiona imefifia na kuwa ya kijani cha giza, zinamwelekea yeye. Jambo dogo, lakini ndilo linaloamua mpira uachwe juu ya tundu au chini yake, na kwa hiyo ndilo linaloamua mkwaju wa mita 120 uliotangulia. Elimu hii ina mizizi mirefu kuliko tunavyodhani. Miaka ya nyuma viwanja vingi vya Afrika Mashariki havikuwa na grini za nyasi kabisa, kwa sababu ya uhaba wa maji. Tundu lilizungukwa na mchanga uliochanganywa na mafuta, wachezaji wakauita brauni. Kabla ya kuputi, mchanga ulisawazishwa kwa kukokota gunia au ubao, nyayo za waliotangulia zikafutika, na mstari mpya ukabaki kama karatasi isiyoandikwa. Mara nyingi aliyekokota alikuwa kedi. Mtu aliyefanya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka aliujua mteremko kwa mikono na miguu, si kwa macho peke yake, na maarifa ya aina hiyo hayahamishiki kwa maelezo ya dakika mbili. Brauni zilipoondolewa, wachezaji walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini hakuna aliyeuliza maarifa yale yaende wapi.

Wacheza bao wa vibaraza vya Ilala na Kariakoo hawahitaji kuelezwa haya. Anayekula kete kwa pupa na kuiacha nyumba yake wazi hachekwi kwa kukosa nguvu za mkono. Anachekwa kwa kutoona alichokiacha nyuma. Gofu inastahili kicheko hicho hicho, na inakikosa.

Kuna pingamizi zito, nami silipuuzi. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichambua takwimu nyingi sana za mikwaju na mwaka 2014 akachapisha kitabu, Every Shot Counts, kinachoonyesha kwamba takribani theluthi mbili za tofauti kati ya mabingwa na wachezaji wengine hutokana na mikwaju ya mbali, si ya kuputi. Basi, wanasema vijana, umbali unalipa, na busara ya wazee ni kisingizio cha wasio na nguvu. Nusu ya kwanza nakubali: mita 20 za ziada ni mali. Ila uchambuzi huo huo unasema pia kwamba hakuna mtu anayepiga mstari. Kila mtu hupiga mtawanyiko, na shabaha ichaguliwe ili mtawanyiko wote uangukie pasipo na adhabu kubwa. Makedi walilijua hilo bila kompyuta. Profesa amewapa ushahidi, na vijana wamesoma kurasa zinazowafurahisha tu.

Pingamizi la pili ni la kifaa. Tangu sheria za mwaka 2019, vifaa vya kupima umbali vinaruhusiwa isipokuwa pale waandaaji walipovikataza, na kifaa hakikosei: kitakwambia mita 143, na ni 143. Tatizo ni kwamba swali halikuwa hilo. Kifaa hakijui kuwa upepo uliopo juu ya miti haupo hapa chini uliposimama, wala kwamba mwenye fimbo amekosea mikwaju miwili iliyopita kwa hasira na sasa ataipiga hii kwa pupa. Sheria zenyewe zinaitambua tofauti hiyo. Katika mashindano ya mikwaju, anayemwomba ushauri mshindani wake hupata adhabu ya mikwaju miwili. Anayemwuliza kedi wake yumo ndani ya haki. Sheria hizo hizo za 2019 zilimkataza kedi kusimama kwa makusudi nyuma ya mpira kwenye mstari wa shabaha mchezaji anapoanza kujipanga, ili asigeuke kuwa macho ya mchezaji huyo. Ulimi wake haukuguswa. Kati ya vyote vinavyoingia uwanjani, mtu huyo ndiye pekee aliyepewa nafasi ya kufikiri pamoja na mchezaji, nasi tunamtumia kubeba mzigo.

Atasema mwingine: gofu ni ya wakubwa, na kusifu ufundi wake ni kuwasifu wao. Historia inampa msomaji huyo sababu. Waingereza waliipanga Dar es Salaam kwa kanda, Uzunguni huku, Uhindini kule, Kariakoo ya Waafrika ng'ambo ya uwazi wa Mnazi Mmoja, na kilabu za michezo za zama zile zilimfungulia Mwafrika mlango wa kazi, si wa kucheza. Lakini hapo ndipo hoja inapogeuka. Waliokuja kucheza walikuwa wa kupita: afisa alihamishwa baada ya miaka michache, mfanyabiashara akafunga ofisi akaenda zake. Aliyebaki uwanjani kusi na kaskazi, akajua kila mteremko, alikuwa kijana mwenye mfuko begani. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki wametoka katika safu hiyo hiyo ya makedi, na hilo si ajabu: walikuwa wamelisoma somo kwa miaka kabla ya kuruhusiwa kuufanya mtihani. Anayeupuuza ufundi huu kwa kuuita wa matajiri anawanyang'anya maskini kitu walichokijenga wenyewe.

Kinachouma ni jinsi ufundi huu unavyotoweka. Kwa kawaida kedi hulipwa kwa raundi, kana kwamba alikodishwa bega. Ushauri uliomwokolea mchezaji mikwaju mitano haumo kwenye hesabu, hivyo kijana mwerevu hujifunza upesi kwamba kunyamaza na kuongea vina bei moja. Vigari na mikokoteni ya mifuko vikizidi, hata hilo bega halitahitajika. Wazee wa kazi hii wanaondoka mmoja mmoja, na pamoja nao yanaondoka yale majibu ambayo hayajawahi kuandikwa popote: shimo gani usilishambulie mwezi wa Julai, grini gani usiuache mpira nyuma ya bendera. Tunatunza orodha za mabingwa kwenye mbao zilizonakshiwa kwa herufi za dhahabu. Majina ya waliowaongoza hayamo.

Kilabu zina uwezo wa kulirekebisha hili kwa gharama ndogo. Gymkhana hapa Ilala, jeshi kule Lugalo, Arusha, Moshi na Morogoro, kila moja iwaketishe makedi wake wakongwe mbele ya mwandishi, shimo kwa shimo, msimu kwa msimu, maneno yao yachapishwe kwa Kiswahili na kupewa kila mchezaji chipukizi. Majina yao yawe kwenye jalada, na malipo ya kitabu hicho yawaendee wao.