David Sedaris: Tucheke, Lakini Tumcheke Nani?

Wanaompenda David Sedaris husema, msikie kwanza ndipo umsome. Ni kweli. Mmarekani huyu, aliyezaliwa 1956, alipata jina Desemba 1992 aliposoma redioni kisa cha kazi yake ya msaidizi wa Baba Krismasi katika duka la Macy's, New York. Sauti yake nyembamba, isiyo na papara, ni nusu nzima ya fani yake.

Hapo ndipo shida yangu inapoanzia. Sedaris husoma miswada mbele ya hadhira, penseli mkononi, akitia alama pale watu walipocheka na pale walipokohoa. Kisha huandika upya. Nidhamu hiyo naiheshimu. Hata fanani wetu wa ngano huipima hadhira yake. Lakini kicheko cha ukumbini kina ulafi. Nikisoma peke yangu chumbani, naona baadhi ya aya zinangojea makofi tu.

Na wanaochekwa ni akina nani? Baba, dada, kaka. Insha yake ya 2013, "Now We Are Five", inamhusu mdogo wake Tiffany, aliyejiua mwaka huohuo. Tiffany alikwisha kusema hataki kuandikwa. Sasa kaandikwa, na hawezi kujibu. Hata hivyo, humo kicheko kinapungua na mwandishi anabaki na majuto yake. Jamani, hapo nilimwamini, ingawa roho haikutulia.

Hukumu yangu? Ukumbini ni bingwa. Kitabuni ni bingwa pale anapousahau ukumbi.