Kijani cha Migombani

Mtu akipigwa picha Izimbya saa saba mchana, akiwa amesimama ndani ya kibanja, shamba la migomba la nyumbani, uso wake hutoka na ukijani. Si kosa la simu wala la mpigaji. Jani la mgomba ni jembamba, jua hulipenya, na mwanga unaofika chini huwa umekwisha kuchujwa: jani limemeza sehemu kubwa ya nyekundu na bluu, limeachia kijani kipite. Mwanga huo hugonga jani la pili, la tatu, kisha hutua kwenye paji la uso. Waliokuwapo hawakuuona ukijani huo. Ubongo wa binadamu umejaliwa kuupima mwanga uliopo na kuutoa, ukabaki na rangi ya kitu chenyewe. Kanzu ya mzee tunaiona nyeupe kibanjani, nyeupe barabarani, na hata usiku kwa koroboi tunaijua kuwa ni nyeupe. Kamera haikujaliwa hivyo. Huandika kilichoingia.

Kazi ya kuuondoa ukijani huo ndiyo ninayotaka kuisifu. Watu huiita kuedit, neno ambalo limebeba pia kulainisha mashavu na kumwekea bwana harusi maporomoko ya maji ya nchi asiyoijua. Mimi nasema juu ya jambo dogo zaidi na lenye heshima zaidi: kumrudishia mtu rangi yake.

Karibu kila programu ya picha ina kitufe kinachorekebisha rangi chenyewe, na wengi huishia hapo. Nyuma ya vitufe vingi vya aina hiyo ipo dhana moja ya zamani, kwamba ukizichanganya rangi zote za picha utapata kijivu. Kwa mtaa wenye lami, kuta na magari, dhana hiyo haiko mbali na ukweli. Lakini Izimbya haijawahi kuwa kijivu. Ni migomba, na mibuni chini ya migomba, na udongo mwekundu kila palipolimwa. Programu ikikuta kijani kimejaa huona ni maradhi, ikamwaga majenta, rangi inayopingana na kijani, ili kuyatibu. Migomba inaonekana kama imebabuka, na mama aliyesimama mbele yake anapata uso wa zambarau. Mpige picha mama huyohuyo njiani, udongo ukiwa umejaa kila upande, na programu itamtia bluu. Haijui ilipo. Fundi anajua.

Ndiyo maana napenda kitone, kile kichoro kidogo cha dropa kilichomo kwenye Photoshop na kwenye GIMP, ambayo ni ya bure na ndiyo niliyojifunzia. Unabonyeza kitu unachoamini hakina rangi, na picha nzima inajipanga kwa kukifuata. Swali ni kitu gani. Anayeanza hukimbilia cheupe: shati la mwanafunzi, shuka, kanzu. Nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu, nikishangaa kwa nini kila familia inatoka na umanjano wa homa, mpaka nilipokumbuka nyumbani tulivyosuuza nguo nyeupe. Tulitia bluu ya kufulia. Weupe ule una bluu ndani yake kwa makusudi, na programu ukiiambia kwamba hiyo si rangi, itaifuta kwa kumpaka kila mtu manjano. Tangu hapo natafuta jivu la mafiga, au sakafu ya saruji, au ukingo wa bati lililochakaa. Hata bati lina masharti: liwe kwenye mwanga uleule uliouangukia uso. Bati la paani hunywa rangi ya anga, na anayeketi chini ya mti hayumo katika anga hiyo.

Turubai ni mtihani mwingine. Harusini na msibani watu hukaa chini ya turubai la bluu, na jua huingia kwa pembeni. Shavu moja limekuwa la bluu, la pili lina rangi yake. Hapo hakuna kitone kitakachosaidia, kwa sababu picha ina mianga miwili na kila mmoja unadai haki yake. Unatengeneza tabaka la pili, unalipasha joto, kisha unalipaka kwa brashi laini shavu lililoumizwa tu, polepole, ukifuata mahali mwanga ulipoishia. Nimetumia jioni nzima kwa uso mmoja na sikuona nimepoteza muda.

Kwa ngozi nasoma namba. Katika ngozi yenye afya, ya mweupe kwa mweusi, nyekundu hutangulia, kijani hufuata, bluu huwa ya mwisho. Kinachobadilika ni ukubwa wa namba na umbali kati yake. Bluu ikikipita kijani, uso unaonekana wa mgonjwa. Haya hayakufundishwa kwa ajili yetu. Kwa miongo mingi Kodak iliwapelekea wachapishaji kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, ikaitwa Shirley, na ngozi yake ndiyo ikawa mizani ya ngozi zote. Walioisukuma kampuni hiyo iboreshe filamu kwa rangi za kahawia, kama wafanyakazi wake wenyewe walivyokuja kusimulia, walikuwa wauza chokoleti na wauza samani za mbao. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Huwa nalikumbuka hilo ninapougusa uso wa mtu wa kwetu, na mkono wangu unatulia.

Ipo mianga ambayo siigusi. Picha ya usiku yenye koroboi ina wekundu kwa sababu usiku ule ulikuwa mwekundu. Ukiusafisha umemhamishia mwenye picha mchana.

Bibi mmoja aliniletea picha ya miaka ya 1970, yeye na dada yake mbele ya migomba. Ilikuwa imekaa sandukuni, gizani, na karatasi za rangi za wakati ule hupoteza rangi ya siani hata zikifichwa. Siani ndiyo inayoizuia nyekundu. Ikiondoka, picha yote huwaka. Migomba ilikuwa kahawia, vivuli vyekundu, na gauni la dada la waridi. Niliishusha nyekundu kwenye vivuli mpaka vikawa vyeusi, na majani yakaanza kurudi. Gauni nililiacha.

"Halikuwa hivyo," akasema. "Lilikuwa bluu."

"Bluu gani, bibi?"

Akafikiri. "Ile ya karatasi ya barua za ndege."

Nikalizungushia gauni mpaka wake, nikaanza kusogeza. Likawa zambarau, akatikisa kichwa. Likawa bluu ya sare za shule, akatikisa tena. Nikalipunguza nguvu, nikaongeza mwanga kidogo, nikarudi nyuma nusu ya hatua. Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya bega la dada yake, asikiondoe.

"Hapo, mjukuu wangu."