Oksidi si kutu tu

Naandika kutoka Guangzhou.

Naomba nilalamike kidogo juu ya namna tunavyoandika kemia kwa Kiswahili. Karibu kila maelezo ya oksidi ninayoyasoma husema hivi: ni metali iliyoungana na oksijeni, mfano kutu. Halafu kanuni inawekwa, TiO2, basi, hadithi imeisha. Si uongo, ila kazi yenyewe ya oksidi imeachwa nje.

Chukueni mchanga wa Kwale. Kuanzia 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024, rutili na ilmenaiti zilipakiwa melini pale Likoni kwenda ng'ambo, China ikiwemo. Huku, rafiki yangu wa Mombasa anayenunua vigae Foshan aliniuliza: hivi vya kujisafisha, vilivyopakwa oksidi ya titani, vinajisafishaje? Jamani, yale maelezo yetu hayakunisaidia hata kidogo.

Jibu liko usoni. Ndani ya fuwele ya rutili, kila atomu ya titani imezungukwa na oksijeni sita. Kwenye uso wake uliochunguzwa zaidi, ziko titani zenye tano tu, na kando yao safu za oksijeni zilizochomoza kama meno. Jino moja likitoka, pengo linabaki. Maji yakifika pale, molekuli hupasuka: OH inakaa pengoni, hidrojeni inashika oksijeni ya jirani. Hatukisii. Hadubini ya ncha, waliyoibuni Binnig na Rohrer karibu na Zürich mwaka 1981, imewezesha watu kuyaona mapengo hayo moja moja.

Kigae nacho hutumia oksidi hiyohiyo, ingawa mara nyingi kwa umbo jingine la fuwele. Miali ya urujuanimno ya jua huamsha elektroni, na pale usoni maji na oksijeni ya hewani hugeuzwa kuwa vitu vikali vinavyovunjavunja mafuta. Mvua humaliza kazi.

Sasa basi, uso, safu, pengo, ncha: maneno haya nani hana? Tusisingizie lugha. Tumezoea kutaja kitu kimeundwa na nini, tukaacha kuuliza kinafanya kazi wapi. Mtoto wa Kwale ameachiwa mashimo yaliyofukiwa. Tukimfundisha kuwa titani ni weupe wa rangi tu, tumemnyima hata maarifa ya mchanga wake.

Mwenye hoja tofauti anisahihishe.