Mishale Inayofutana

Tangu 1930 maji ya mto Lufira yanafua umeme pale Mwadingusha, nchini Kongo, kwenye maporomoko ambayo Wabelgiji waliyaita Cornet. Kampuni ya madini ya Union Minière ilijenga kituo hicho kwa ajili ya shaba. Ziwa Tshangalele likatandaa nyuma ya bwawa. Mitambo ya zamani imekwisha kung'olewa, na ile sita mipya, iliyokamilika 2021, ina uwezo wa karibu megawati 78. Haya wenyeji wa Likasi, mji ulio jirani, wanayajua. Ninalolisifu hapa ni ujuzi ulio mikononi mwa mafundi wa kituo kama hicho, kwa kuwa sijaona mlango bora wa kuingilia elimu ya kompyuta za kwanta.

Fundi haunganishi jenereta na gridi kwa sababu tu inazunguka. Volti zilingane, mizunguko ya umeme ifike 50 kwa sekunde, kisha aitazame sindano ya sinkroskopu mpaka mawimbi ya pande mbili yapande na kushuka pamoja. Akifunga swichi yakiwa yanapingana, anaweza kuvunja mhimili. Kwake umeme si wingi peke yake. Una mwelekeo pia, na huchorwa kwa mshale unaozunguka. Chukua sasa mishale mitatu ya umeme wa fezi tatu, yenye urefu mmoja, iliyoachana kwa nyuzi 120. Ijumlishe: sifuri. Ndiyo maana waya wa nyutro, mzigo ukigawanyika sawasawa, haubebi kitu, ingawa nyaya tatu za pembeni yake zinaweza kuua mtu.

Mwaka 1893, mjini Chicago, Charles Steinmetz aliwaonyesha wahandisi jinsi ya kuandika mishale hiyo kwa namba changamano. Miaka 33 baadaye namba hizohizo zilikuwa ndani ya mlinganyo wa Schrödinger, nguzo ya fizikia ya kwanta. Anayejua kuzijumlisha kwa ajili ya umeme ameshavuka kizingiti ambapo wanafunzi wengi wa kwanta hukwama.

Kyubiti, yaani biti ya kompyuta ya kwanta, ina mishale miwili, mmoja wa 0 na mwingine wa 1. Ukiipima, mraba wa urefu wa kila mshale ndio unaokupa uwezekano wa jibu lake. Vitabu vingi huleta hapa mfano wa sarafu iliyorushwa juu, na mimi siupendi. Sarafu ukiirusha mara mbili, bado hujui itaangukaje. Kyubiti iliyo kwenye 0 ukiipitisha katika lango la Hadamard, mishale yake miwili inakuwa sawa. Ukiipitisha tena, jibu la 1 linapata mishale miwili inayopingana, inafutana, nawe unarudi kwenye 0 kwa hakika. Bahati nasibu haifanyi hivyo. Ufundi wote umo humo: kupanga hatua ili mishale ya majibu mabaya ijimalize yenyewe. Peter Shor alifanya hivyo mwaka 1994, katika njia yake ya kuvunja namba kubwa kuwa vigawo tasa. Kiini chake ni mishale mingi iliyoachana kwa nyuzi sawa ikijumlishwa hadi sifuri, yaani fezi tatu zilizozidishwa mno.

Kazi hii ina utamu kwa penseli. Kyubiti tatu zina mishale 8, inaenea kwenye ukurasa mmoja. Thelathini zina mishale zaidi ya bilioni moja, hapo penseli inasalimu amri. Tangu 2016, IBM ilipoiweka mashine ya kyubiti 5 kwenye intaneti, mwenye simu anaweza kuijaribu hesabu yake kwenye mashine halisi.

Kufuatilia maendeleo kunadai jicho kali kuliko kujifunza kwenyewe. Vichwa vya habari hupenda idadi: kyubiti 53 za Google mwaka 2019, 1,121 za IBM mwaka 2023. Mimi huuliza kwanza makosa ni mangapi. Ndiyo maana habari ya Desemba 2024 ilinigusa zaidi, ingawa chipu ya Willow ya Google ina kyubiti 105 tu: watafiti walipanua kiraka cha kyubiti cha kulinda taarifa kutoka 3 kwa 3 hadi 5 kwa 5, kisha 7 kwa 7, na kila hatua makosa yakashuka chini ya nusu.

Kuna jambo jingine lisilopigiwa tarumbeta. Mwaka 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kwamba kuvunja kwa njia ya Shor ufunguo wa RSA wa biti 2048, unaolinda siri kwenye mitandao, kungehitaji kyubiti milioni 20. Mwaka 2025 Gidney huyohuyo akashusha makadirio chini ya milioni moja, ingawa kazi ingechukua siku kadhaa badala ya saa nane. Ubora wa mashine alioudhania haukubadilika. Zilizobadilika ni hesabu.