Neno "Mgeni" katika Biblia ya Union Version

Tafsiri ya Biblia iliyotolewa mwaka 1952 yasifiwa kwa haki kwa ufasaha wake. Hata hivyo limo neno moja lililotwishwa mzigo wa maneno mawili, nalo ni mgeni. Kwa Kiebrania, ger ni mtu wa asili nyingine aliyekuja kukaa kati ya Waisraeli, akafungwa na baadhi ya amri zao. Nokhri ni mtu wa nje asiyefungamana nao. Tofauti hiyo ndiyo iliyowawezesha Wayahudi kujitenga pasipo kuufunga mlango.

Katika Kutoka 12, aya ya 43 yamkataza mtu wa nje kula Pasaka. Aya ya 48 yamruhusu ger, wanaume wa kwake wakiisha kutahiriwa. Kwa Kiswahili wote wawili ni wageni, hata msomaji hudhani sheria imejipinga baada ya aya tano tu. Vivyo hivyo, mgeni asiyepaswa kuonewa katika Kutoka 22 aonekana kuwa ndiye yule awezaye kutozwa riba katika Kumbukumbu la Torati 23.

Hasara yazidi katika kitabu cha Ruthu. Mbele ya Boazi, Ruthu ajiita kwa neno nokhri katika umbo la kike, neno lile lile la wake walioachwa katika kitabu cha Ezra. Tena ni Mmoabi, na Mmoabi alizuiwa kuingia katika mkutano. Mishna yasema kwamba wanawake wa Moabu waliruhusiwa mara moja, na Talmudi yaeleza hukumu hiyo kwa sarufi: sheria imetaja Mmoabi wa kiume, wala si wa kike. Kiswahili hakina jinsi hizo. Mmoabi ni yeyote. Hapo mfasiri hana lawama.

Kwa ger lawama ipo. Mgeni wa Kiswahili hupewa siku mbili, na siku ya tatu jembe. Ger ndiye aliyekwisha kulishika jembe akabaki. Mlowezi lingalikaribia maana hiyo, lakini limechafuliwa na habari za mashamba ya Wazungu. Mgeni mkaazi ni refu, walakini laeleweka, nalo lingetosha katika Torati. Katika Mishna halifai, maana huko ger aghalabu ni mwongofu, wala si mgeni tena.