Toba Inayoshtaki: Uhakiki wa Ushuhuda wa Kilokole kama Fasihi Simulizi katika Kasulu na Kibondo

Katika makanisa mengi ya Kiprotestanti ya Kasulu na Kibondo, ushuhuda una mpangilio ambao hata mtoto mdogo huufahamu. Anayeshuhudia husimama, huwaamkia wenzake kwa "Bwana asifiwe", hupokea itikio, hueleza kwa ufupi namna alivyookoka, kisha huingia katika jambo lililomsimamisha: dhambi iliyomlemea siku hizo. Akimaliza, mtu mmoja huanzisha "Tukutendereza Yesu", mkutano mzima huupokea wimbo, naye huketi. Sehemu hii ya tasnifu inahakiki aina moja tu ya ushuhuda huo, nayo ni ungamo la kosa lililotendwa dhidi ya Mkristo mwenzake ambaye yumo humo humo kanisani, pengine benchi la pili.

Mulokozi (1996) anatufundisha kuitazama fasihi simulizi kama tukio lenye fanani, hadhira, mahali na wakati wake. Mtazamo huo unafaa sana hapa, kwa sababu ushuhuda ukiandikwa katika karatasi hupoteza jambo lake kuu, yaani nani anasikiliza na ana ruhusa ya kujibu nini. Kwa upande mwingine, Austin (1962) ametuonyesha kwamba kuomba msamaha si kutoa taarifa, ni kutenda. Tendo hilo humhitaji mtu wa pili. Swali la uhakiki huu ni kwamba, katika ushuhuda, mtu huyo wa pili amepewa nafasi gani?

Mtafiti alilelewa katika ibada hizi na hana budi kukiri hivyo, kwa kuwa mfano unaofuata hautoki katika kinasa sauti bali katika kumbukumbu ya utotoni. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema, kwa machozi, kwamba anamwomba msamaha dada yetu aketiye pale, kwa kuwa amemchukia moyoni tangu mbuzi wake walipokula maharage yake naye akanyamaza. Dada huyo alikuwa mama mdogo wa mtafiti. Alisimama, akasema, "Nimekusamehe, baba," wimbo ukaimbwa. Njiani kurudi nyumbani ndipo aliposema kwamba wale mbuzi hawakuwa wake.

Tuitazame sentensi ya mzee huyo. Katika kishazi kikuu, mtenda dhambi ni yeye: amechukia. Lakini shtaka limehifadhiwa katika kishazi tegemezi. Kiambishi *-po-* cha "walipokula" hakidai kwamba mbuzi walikula. Kinalichukulia jambo hilo kuwa limekwisha kujulikana, likabaki suala la lini. Msikilizaji akitaka kulipinga ni lazima kwanza alifukue kutoka mahali lilipofichwa. Kisha "naye akanyamaza" humpa mwungamaji sifa ya uvumilivu katikati ya toba yake mwenyewe. Kwa sentensi moja mzee amejishusha, amejipandisha, na amemhukumu mwenzake, na yote hayo kwa unyoofu. Mtafiti haamini kwamba alikusudia hila. Kama ingekuwa hila, tungemlaumu mtu mmoja tukaishia hapo. Tatizo limo katika umbo lenyewe la utanzu, ambao humtaka mwungamaji ataje sababu ili dhambi ieleweke, na sababu hiyo mara nyingi ni mtu.

Mama mdogo angeweza kujibu? Kwa kanuni za utanzu huu, hapana. Jibu linaloruhusiwa ni moja, "nimekusamehe". Angesema mbuzi si wake angeonekana anajihesabia haki mbele ya ndugu aliyevunjika moyo, na kujihesabia haki ni dhambi nzito kuliko mbuzi. Halafu wimbo huanza. Wahakiki huuchukulia wimbo huo kama itikio la furaha la hadhira, na bila shaka ni hivyo. Hata hivyo, kiutendaji wimbo ndio unaofunga shauri. Maneno ya kiitikio chake yamebaki katika Kiganda, lugha ambayo wengi wa waimbaji wa Buha hawaisemi. Haulizi, haujibiwi, na ukishaimbwa hakuna anayeweza kurudi nyuma kuuliza habari za maharage. Katika baraza la wazee wa kitongoji, ambalo walokole wengi huliona kuwa ni la kidunia, mlalamikaji husema na mlalamikiwa husema. Kanisani amesema mmoja.

Inashangaza kwamba utaratibu huu haufanani na ule wa Maandiko unaodai kuufuata. Katika Mathayo 18, ndugu aliyekosewa anaagizwa aende kwanza kwa mwenzake wakiwa wawili peke yao. Akishindwa, achukue mmoja au wawili. Kanisa huambiwa mwishoni kabisa. Katika Mathayo 5, mwenye kuleta sadaka na akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, huiacha sadaka akaenda kupatana. Kote kuwili kuna safari ya miguu kabla ya hadhara. Ushuhuda wa toba unairuka safari hiyo na kuanzia mwisho.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuuhukumu utanzu huu bila historia yake. Uamsho uliochipuka Gahini nchini Rwanda na katika Uganda ya miaka ya 1930, baada ya Joe Church na Simeoni Nsibambi kukutana Kampala mwaka 1929, ulienea Burundi na magharibi mwa Tanganyika ukiwa sauti ya walei. Mwanamke na kijana waliweza kusema mbele ya padri, na hata juu ya padri. Dayosisi ya Kianglikana ya Western Tanganyika iliyoundwa mwaka 1966, yenye makao yake Kasulu, imerithi desturi hiyo. Peterson (2012) anaonyesha namna wazee na watetezi wa kabila walivyochukizwa na walokole walioanika mambo ya ndani ya nyumba. Mtafiti anakubaliana naye, lakini mgogoro anaoueleza ni wa walokole na watu wa nje. Hapa tunamzungumzia aliyeketi ndani, anayeimba huku akiwa ameanikwa.

Ukosefu huu wa usawa unakuwa mkali zaidi kambini. Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea Wakongo tangu 1996, na mwaka 2015 Warundi waliingia huko na katika kambi ya Nduta iliyofunguliwa tena wilayani Kibondo. Kirundi na Kiha ni lugha za jirani sana, nyimbo ni zile zile, na ndugu hutambuana kwa salamu. Lakini Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa na atoke kwa kibali. Mkimbizi aliyelima kibarua nje ya kambi bila kibali, katika shamba la Mkristo mwenzake, asipolipwa hana namna ya kushuhudia habari hiyo: kulitaja deni ni kujitaja. Mwenye shamba, akipenda, anaweza kusimama kanisani kwake akatubu kwa jumla juu ya ubahili, akaimbiwa. Mwenye kudai hayumo hata katika hadhira.

Katika ushirika mmoja wa Kasulu mtafiti alishuhudia jambo ambalo hakuwahi kuliona kwingine. Mama mmoja alikuwa ametubu chuki dhidi ya jirani yake kwa ajili ya mahindi aliyomkopesha. Mwanzishaji wa wimbo alipofungua kinywa, kiongozi alinyanyua mkono, akamgeukia jirani, akamuuliza, "Nawe mwenzetu unasemaje?" Kanisa lilinyamaza kimya cha kutisha. Jirani akasimama, akasema anakumbuka magunia mawili, si matatu, na kwamba moja alikwisha kulirudisha kwa mkono wa mume wa mdai. Mume naye alikuwapo. Wimbo haukuimbwa siku ile. Watatu hao walitoka nje wakakaa chini ya mwembe, na walipotoka waumini wengine baada ya ibada, bado walikuwa wanahesabu.